Mafundi Wasiotajwa: Nakshi za Kale za Misikiti na Majumba ya Pwani

Kusini ya kisiwa cha Unguja, mahali paitwapo Kizimkazi Dimbani, pana msikiti mdogo ambao mpita njia asiyejua habari zake aweza kuupita bila kugeuza shingo. Kuta zake zimepakwa chokaa, paa lake ni la mabati, na kwa nje hauonyeshi fahari yoyote. Lakini mwenye kuvua viatu na kuingia ndani, akaelekea kibla, hukutana na jambo la ajabu. Kandokando ya mihrabu pana maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe kwa hati ya Kufi, nazo herufi zake zimekunjwa na kusukwa, na ncha zake zimechipua majani na maua mithili ya mmea ulio hai. Maandishi hayo yasema kwamba msikiti ulijengwa kwa amri ya Sheikh Abu Imran katika mwezi wa Mfunguo Pili, mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107 wa Miladi. Jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya 18, lakini waliolijenga upya hawakuyatupa maandishi ya wazee wao. Waliyabakiza katika ukuta wa kibla, na hata leo wenye kusali huyaona mbele yao.

Basi hapa pana jambo la kuzingatia. Jina la mtu aliyeamuru kazi limehifadhiwa katika jiwe kwa zaidi ya miaka 900, na hiyo ni haki yake, kwani alisimamisha nyumba ya Mwenyezi Mungu. Lakini yule aliyeketi siku nyingi na patasi mkononi, akazipima herufi zisizidi wala zisipungue, hakuandika jina lake. Hajulikani alikuwa mwana wa nani, wala alizaliwa mji gani, wala alilipwa ujira gani. Na hali yake ndiyo hali ya karibu mafundi wote waliopamba misikiti, makaburi na majumba ya pwani ya Afrika ya Mashariki, tangu Mogadishu mpaka Kilwa. Wafalme wana tarehe zao, masheikh wana silsila zao, na washairi hutaja majina yao mwishoni mwa tenzi zao. Fundi ana kazi yake tu. Yafaa basi kazi hiyo itazamwe kwa makini, ili wanaoirithi wajue ni deni gani lililo juu yao.

JIWE LITOKALO BAHARINI

Wajenzi wa kale wa pwani walitumia mawe ya matumbawe ya namna mbili. Lile lililochimbwa nchi kavu ni gumu na lina matundu, nalo lilifaa kujengea kuta. Lile jingine lilikatwa chini ya bahari, katika miamba, wakati maji yanapokupwa. Jiwe hilo likiwa bado bichi ni laini, hata patasi hupita ndani yake pasipo kulivunja. Likisha kukaa katika hewa na jua huwa gumu. Kwa hiyo fundi hakuwa na nafasi ya kukawia. Ilimpasa awe ameipanga kazi yake yote kichwani kabla jiwe halijafika mkononi, kwa maana akisitasita jiwe lilimwahi, na akikosea herufi moja hakuwa na njia ya kuifuta.

Wala hakuwa peke yake. Palikuwa na waliozama kukata jiwe, na waliolipakia katika mitumbwi. Palikuwa na waliokata magogo, wakayapanga kwa duara, wakarundika juu yake vipande vya matumbawe, wakatia moto, na kile kilichosalia wakakiacha kipate maji mpaka kikawa chokaa. Palikuwa na waliochukua mchanga na waliochota maji. Hata ukuta mmoja wa msikiti, basi, ni kazi ya mikono mingi, na labda hii ndiyo sababu ya kwanza ya majina kukosekana: kazi haikuwa ya mtu mmoja hata aijinasibishe nayo.

Wataalamu walioyachunguza maandishi ya Kizimkazi, tangu miaka ya 1920, waliona yanafanana na nakshi za Siraf, bandari ya kale ya Uajemi ambayo wafanyabiashara wake walisafiri katika Bahari ya Hindi. Kufanana huko ni kweli. Lakini jiwe lenyewe ni matumbawe, na matumbawe sharti yachongwe karibu na pale yalipokatwa; kwa hiyo yaelekea sana kwamba kazi ilifanyika papa hapa pwani. Ikiwa mchongaji alikuwa mgeni aliyekuja na jahazi, alifunza mkono wa mwenyeji. Na ikiwa alikuwa mwenyeji, alijifunza akaufikia ustadi wa mabingwa wa nchi za mbali. Kwa njia yoyote ile, ustadi huo ulikaa pwani na kuzaa.

Matunda yake yaonekana Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu wa mji huo ulianzwa katika karne ya 11, ukapanuliwa sana mapema katika karne ya 14, katika zama za Sultani al-Hassan bin Suleiman, kwa nguzo, matao na kuba za mawe. Msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier, alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji ule kwa uzuri wake. Kabla ya hapo alipita Mombasa, na huko alikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi mkubwa. Mawe ya Kilwa yangalipo mpaka leo, ingawa kuba nyingi zimeanguka. Misikiti ya mbao aliyoiona Mombasa haiko tena hata mhimili mmoja. Maseremala wake walipotewa na majina, kisha wakapotewa na kazi pia, na lau si mgeni mmoja kuandika sentensi chache, hakuna ambaye angejua kwamba walipata kuwako.

Katika makaburi ya nguzo, kama yale ya Mambrui kaskazini ya Malindi na Kunduchi karibu na Dar es Salaam, waashi walipachika bakuli na sahani za kaure kutoka China. Hapo mafundi wawili wasiojulikana walikutana bila ya kuonana: mfinyanzi wa China aliyeichora sahani yake kwa rangi ya buluu, na mwashi wa Kiswahili aliyeona kwamba chombo kile, badala ya kulia chakula, kingefaa kung'aa juu ya kaburi la mwungwana. Baadhi ya sahani hizo zimebanduliwa na wezi, na leo mahali pake pana shimo tu la mviringo katika chokaa.

MLANGO NA SIWA

Mtu akitaja nakshi za Waswahili, wengi hukumbuka kwanza milango. Mlango wa nakshi una sehemu zake: miimo miwili ya kando, kizingiti cha juu, tarabe mbili, na katikati yake mfaa, ambao hufunika mahali tarabe zinapokutana. Fundi aliichora nakshi kwa bikari na rula, kisha akaifuata kwa patasi na nyundo ya mti. Mti ulikuwa msaji ulioletwa kutoka India, au mbambakofi na mfenesi wa huku huku. Milango ya Lamu na Siyu hupendelea mistari na maduara yaliyokatwa kwa hesabu. Milango ya Unguja ya karne ya 19 huonyesha mashina yatambaayo, maua na minyororo. Na ile iliyofuata mtindo wa Kihindi ina kizingiti cha upinde na misumari mikubwa ya shaba. Baadhi yake ina aya za Kurani na mwaka wa kazi. Jina la mwenye nyumba huweza kuwamo. Jina la mchongaji ni nadra mno.

Wageni huelezwa kwamba kila alama ina maana yake: samaki ni wingi wa riziki, mnyororo ni salama, mtende ni neema. Huenda ni kweli. Lakini wachongaji wenyewe hawakuacha kitabu cha kufasiri kazi zao, na maana nyingi zisemwazo leo zimetoka katika vinywa vya watu waliokuja baadaye. Hii nayo ni hasara ya kutoliandika jina la fundi, kwani aliyelisahau jina lake hakumwuliza swali pia. Lau angalipatikana mtu mmoja wa kumkalia mzee wa Siyu barazani na kuandika maneno yake, elimu kubwa ingaliokoka.

Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulikuwa mji wa mafundi hasa. Huko walikuwako wanakili wa misahafu, wafunga vitabu, washona ngozi na wachonga mbao. Na hapa pana tofauti inayofundisha. Mwenye kunakili msahafu alizoea kuandika jina lake mwishoni, akaomba rehema za wasomaji. Kalamu ilikuwa mkononi mwake na hati ilikuwa kazi yake. Mchonga mlango, jirani yake katika mji ule ule, hakuwa na desturi hiyo. Heshima ya elimu ya kalamu ilikuwa kubwa kuliko heshima ya elimu ya patasi, ijapokuwa zote mbili zataka jicho, subira na miaka mingi ya kufunzwa.

Kazi bora kupita zote labda ni siwa mbili zilizowekwa katika jumba la makumbusho la Lamu. Siwa ya Pate ni ya pembe ya ndovu, imechongwa nakshi nyembamba za kusukana. Siwa ya Lamu ni ya shaba. Fundi wake aliunda kwanza umbo la nta, akalifunika kwa udongo, akalitia moto nta ikayeyuka na kutoka, kisha akamimina shaba katika nafasi iliyobaki. Kazi ya namna hiyo haifanywi mara mbili. Kalibu huvunjwa ili shaba itoke. Siwa zilipigwa katika arusi, tohara na sherehe za watu wa nasaba, na kunyimwa siwa kulikuwa aibu. Tarehe ya Pate yasimulia habari za Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kifalme, ambaye alipokosa siwa kwa tohara ya mwanawe alimwita bingwa wa kuchonga amfanyie nyingine. Hapo kwa mara moja fundi aingia katika hadithi ya wafalme, kwa sababu mama aliyevunjiwa heshima alihitaji mkono wake.

MKONO WA WANAWAKE

Ikiwa wachonga mawe na mbao wamesahauliwa, wanawake wasuka mikeka wamesahauliwa zaidi. Mwanamke wa pwani alikwenda kukata makuti ya mkindu, akayaanika, akayachana, akayatia rangi, akasuka ukili mrefu, kisha akaushona duara kwa duara mpaka ukawa mkeka. Katika ukili ule alisuka nakshi kwa hesabu aliyokuwa nayo kichwani, pasipo karatasi wala rula. Misala mingi ambayo Waislamu waliisujudia kwa karne nyingi ilitoka katika mikono hiyo. Lakini jiwe hukaa miaka 900 na mkeka hukaa michache; kwa hiyo hakuna makumbusho yawezayo kuonyesha mkeka wa zama za Abu Imran. Kilichobaki ni ustadi wenyewe, uliopita kutoka kwa nyanya kwenda kwa mjukuu, na nakshi ambazo bado zasukwa leo yaelekea zimefunzwa na wanawake waliokufa zamani sana.

UKWELI USIOFAA KUFICHWA

Katika kuzisifu kazi hizi haifai kufumba macho. Pembe za ndovu zilizochongwa pwani zilitoka bara, na katika karne ya 19 nyingi zilifika huko juu ya mabega ya wapagazi, na wengine wao walikuwa watumwa. Majumba makubwa ya Unguja yenye milango ya fahari yalijengwa kwa mali ya karafuu, pembe na biashara ya watu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 katika enzi ya Sayyid Barghash, na hali ya utumwa haikuondolewa kisheria kisiwani mpaka mwaka 1897. Katika miji ya pwani watumwa wengi walifunzwa useremala na uashi, na ujira wao, au sehemu yake, ulikwenda kwa mabwana. Kwa hiyo miongoni mwa wasiotajwa majina wamo waliofanya kazi kwa hiari yao na kwa mapenzi ya Mola wao, na wamo waliofanya kwa sababu hawakuwa na ruhusa ya kukataa.

Mara nyingi husemwa kwamba mafundi wa zamani hawakuandika majina yao kwa unyenyekevu. Bila shaka wengine walikuwa hivyo, wakaogopa ria, wakatosheka na ujira wa Akhera. Lakini si haki kuwavika wote kanzu ya unyenyekevu, na huku baadhi yao walinyimwa jina kabla ya kunyimwa nafasi ya kuliandika. Tena jambo hili halikuwa la Waswahili peke yao. Istanbul dunia nzima yamjua Sinan, msanifu wa Msikiti wa Suleimani uliomalizika mwaka 1557. Lakini walio wengi katika wale waliochora vigae vya Iznik, ambavyo hupamba misikiti ile kwa maua mekundu na ya buluu, hawajulikani. Kila mahali jina limemfuata mwenye amri na mwenye mali, na mara chache limemfuata mwenye mkono.

NAKSHI ZAINGIA BARA

Uislamu ulipoingia bara katika karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanyabiashara, haukuingia mikono mitupu. Pamoja na misahafu na kanzu walikuja waashi na maseremala. Kwihara, karibu na Tabora, pana tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, nalo lina mlango wa nakshi kwa mtindo wa pwani. Na mwaka 1893, majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mji wa Kasongo katika Maniema, daktari Mwingereza Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nayo, aliandika kwamba hata askari wa kawaida walilala katika vitanda vya kuchongwa walivyovikuta humo. Vitanda hivyo vilichongwa na nani? Hinde hakuuliza, na waliovilalia hawakujali. Hivyo ndivyo kazi nyingi za mafundi wa Kiislamu wa bara zilivyopotea, kwa vita, kwa moto na kwa kudharauliwa.

Upotevu huo haujaisha. Mji wa kale wa Kilwa Kisiwani uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Ni heshima kubwa, lakini karatasi haizuii mvua. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Milango mingi ya nakshi imeuzwa ikapelekwa ng'ambo kupamba nyumba za watu wasiojua kusoma maneno yaliyochongwa juu yake. Na katika miji mingi, ya pwani na ya bara, misikiti ya wazee hubomolewa kwa nia njema ya kupanua safu, na mihrabu ya kale hutupwa pamoja na kifusi, kisha mahali pake huwekwa vigae vya kiwandani.

Kupanua msikiti ni jambo jema, na pengine ni la lazima. Lakini watu wa Kizimkazi wa karne ya 18 walikwisha kuonyesha njia. Walijenga upya na hawakutupa. Waliona kwamba jiwe lililochongwa na mtu wasiyemjua lilikuwa amana mikononi mwao, wakalipa mahali pa heshima. Jumuiya yoyote inayotaka kutengeneza msikiti wake yaweza kufanya hivyo hivyo: kuitazama kwanza kazi ya kale, kuipiga picha, kuwauliza wazee, na kukibakiza kipande chake ukutani hata kama vingine vyote vitabadilika.

Liko na jambo la pili, nalo lavihusu vitabu vya ukumbusho kama hiki. Ni desturi kuchapisha humo picha za wenyeviti, makatibu na wafadhili, na ni haki yao kushukuriwa. Lakini mwashi aliyeupima ukuta wa kibla, seremala aliyechonga mimbari, mama aliyesuka mikeka ya ufunguzi, na kijana aliyebeba maji ya saruji juani, majina yao yako wapi? Hao wangali hai. Si lazima wangojee miaka 900 ndipo mtu aulize. Kuliandika jina lao katika ukurasa mmoja hakugharimu kitu, na watoto wao watakaolisoma watajua kwamba msikiti ule ni wa baba yao na mama yao pia.

Ama wale waliotangulia, hakuna tena njia ya kuwapatia majina. Lakini Waislamu hufundishwa kwamba sadaka yenye kudumu haikatiki thawabu kwa kufa mwenyewe, na kila anayesali mbele ya mihrabu ya Kizimkazi ananufaika na mkono uliokwisha kuwa udongo. Mwenyezi Mungu, ambaye hahitaji maandishi ili amjue mja wake, awarehemu mafundi wote waliozipamba nyumba Zake, waume kwa wake, waungwana kwa watumwa, na awajaalie waliorithi kazi zao kuzitunza. Amin.